Kompyuta Iliyokosa Pumzi

Juzi nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu hapa Garsen, mwalimu mkuu, ambaye kompyuta yake ilinguruma kama kinu cha posho, ikachemka, ikajizima. Ndani mlikuwa na mtihani wa darasa la nane, na wanafunzi walikuwa waufanye kesho yake.

Fundi kutoka Malindi, amefunga tai kwenye joto hili, aliigonga mara mbili. "Ubongo umeungua. Hii iende Mombasa."

Mwalimu akajishika kichwa. Mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa akatua kibuyu, akapapasa nyuma ya mashine kama anayempima ndama homa.

"Mwalimu, hapa iko pua yake?"

"Ndipo inapotolea hewa, mama."

"Sasa mbona umeivisha shuka?"

Akavuta kitambaa cha kufuma kilichoziba matundu. Fundi akafungua, akatoa nyuzi na vumbi kwenye feni. Ikawaka, ikatulia, mtihani ukachapwa.

"Mama, kompyuta umesomea wapi?" fundi akauliza.

"Mimi sijasoma. Nimeshika tu. Wewe umepiga."

Siku hiyo nilijivunia Garsen kweli kweli. Sikuona haja ya kumwambia yeyote kwamba kitambaa kile nilikifuma mimi nikamzawadia mwalimu, pamoja na digrii yangu yote.