Mlinzi wa Dele

Baba yangu, Jazaa bin Mishaan, alikuwa askari wa mfalme kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakulinda kitu kingine zaidi ya dele la kahawa. Simsingizii. Bunduki alikuwa nayo, ya marehemu babu, ikining'inia ukutani bila kuguswa. Mikanda ya risasi alikuwa nayo miwili, ya kupishana kifuani, na siku akiivaa alitembea kama jogoo. Risasi zenyewe alizifungia sandukuni zisije zikalipuka.

Ufalme wetu una majeshi mawili. La kwanza linatazama mpakani, asije adui. La pili, ndio Walinzi, linalitazama lile la kwanza, lisije likageuka. Mfalme si mjinga: silaha zote akimpa mtu mmoja, kesho atalala wapi? Na hao Walinzi nao wamegawanywa. Wapo wa kambini, wenye magari ya chuma, wanaoamka alfajiri kupiga kwata. Halafu wapo wa vikosi vya makabila, kila kabila na kikosi chake, na kamanda wa kikosi ni shekhe wa kabila. Shekhe kwetu ni mkubwa wa ukoo, kitabu akijue asikijue. Kazi ya vikosi hivi ni kuja vikiitwa, kucheza na panga siku za sherehe, na kumpenda mfalme. Tunampenda sana, hasa mwisho wa mwezi.

Kamanda wetu alikuwa Shekhe Barjas. Vita alivyowahi kupigana ni vya mahakamani, na shemeji zake, kugombea kisima. Siku ya kwanza baba alipoingia kikosini aliambiwa akaange kahawa, shekhe akaonja, akasema, "Huyu kijana ana mkono." Basi ikawa ndio cheo chake mpaka mvi. Wenzake walikaa kwenye mazulia wakisimulia ushujaa wa mababu, yeye amesimama, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Nyumbani alituambia kwamba shekhe hawezi kuamua jambo bila yeye kuwepo. Kweli, maana bila yeye kahawa haikuwepo.

Nafasi ya kikosini hurithiwa. Baba akistaafu, mwana huingia, ilimradi shekhe atie sahihi. Asipotia, jina la nyumba hiyo linafutwa na kadi ya hospitali ya Walinzi inarudishwa. Hiyo kadi ndiyo iliyotunyima usingizi. Mama yangu, Wadha, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilikwishapasuliwa likapona. La kushoto lilipangiwa tarehe baada ya msimu wa hija. Kustaafu kwa baba kukatangulia. Mimi nilikuwa naendesha lori la maji la watu, na wala sikuwa na hamu ya kurukaruka na upanga mbele ya wana wa wafalme. Niliitaka ile kadi.

Sasa, shekhe alikuwa na mpwa wake, Nahar, aliyerudi kutoka mjini na miwani ya jua asiyoivua hata msikitini. Kila mtu alijua Nahar anaitaka nafasi ya baba. Mara tatu baba alimwendea shekhe faraghani kuniombea sahihi, na mara tatu akajibiwa, "Inshallah, Jazaa, mbona una haraka?" Alirudi anatabasamu. Inshallah ya Barjas ni mlango uliofungwa kwa adabu, na mtu pekee asiyelijua hilo alikuwa baba.

Mama ndiye aliyesema, "Baba Hizam, siku ya ukaguzi jenerali atakuwepo. Mwekee Barjas finjani chini mbele yake."

Hii ni silaha ya mnyonge kwetu. Mgeni mwenye haja hainywi kahawa aliyopewa. Anaiweka chini na kunyamaza. Mwenyeji lazima amwulize ana haja gani, na lazima aseme, "Kunywa, umepata." Mgeni akiondoka ameiacha finjani imejaa, aibu itamfuata mwenyeji kila hema. Lakini ukishainywa, basi. Haja yako umeimeza pamoja na kahawa, na hakuna wa kukusikiliza tena. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo.

"Mimi ndiye mmiminaji," baba akasema. "Mmiminaji anaketije kunywa?"

"Hizam atamimina. Wewe siku hiyo unaagwa, utakaa kama watu."

"Nimwaibishe mkubwa wangu mbele ya jenerali?"

"Yeye kumnyang'anya mwanao riziki haoni haya, wewe haya unamwonea ya nini? Hebu niambie, Jazaa, mimi ndiye mkeo au wewe ndiye mke wa Barjas?"

Nikacheka. Kiatu cha baba kikanipita sikioni. Lakini alikubali.

Siku ya ukaguzi hema kubwa lilisimamishwa. Jenerali alikuja kutoka mji mkuu, mtu wa kambini, anatazama saa yake kila mara. Mashujaa wetu wakapangwa mstari: wazee wa miaka sitini, ndevu zimepakwa rangi nyeusi, mikanda imekataa kufunga tumboni. Jenerali akamwuliza mmoja, "Adui akiingia leo, utafanya nini?"

"Nitamwuliza shekhe," akajibu kwa sauti kubwa.

Jenerali akaandika jibu hilo kwenye daftari lake. Kisha tukaingia kwenye kahawa, ambayo ndiyo kazi tunayoijua.

Nikamimina kuanzia kulia: jenerali, shekhe, wazee. Nikamfikia baba. Akaipokea finjani, akaitazama, akaiweka chini juu ya mkeka. Hema zima likageuza shingo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwonea fahari mzee huyu, niseme ukweli.

Shekhe aliona. Kilichobaki ni aulize, "Jazaa, una haja gani?" Akamtazama jenerali, na jenerali alikuwa anaitazama finjani. Basi Barjas akainuka. Aliinuka yeye mwenyewe, na joho lake la nyuzi za dhahabu, akaninyang'anya dele mkononi. Akaimwaga nje ya mkeka ile kahawa iliyowekwa, akamimina nyingine.

"Jamani!" akapaza sauti. "Huyu ni mwana wa Mishaan, aliyeibeba bendera yetu! Miaka thelathini na miwili ametumiminia. Leo kamanda ndiye atamimina, na Jazaa atakunywa!"

Wazee wakapiga kelele za kusifu. Shekhe akainama, akamnyooshea finjani. Hakuuliza haja. Hakusema "umepata." Mimi nilikuwa nyuma ya bega la baba, nikamnong'oneza, "Baba, iweke chini. Iweke chini, nakuomba."

Alinisikia. Najua alinisikia, maana aligeuza kichwa kidogo. Machozi yalikuwa yamemjaa. Akainywa yote, kisha akaitikisa finjani, ishara ya kwamba ametosheka.

"Mungu akupe afya," shekhe akasema, akarudi kukaa. Kabla wali haujaisha kwenye sinia, Nahar alikuwa anajaribishwa mikanda.

Njiani niliendesha macho yakiwa barabarani. Niliogopa nitakachomwambia mzazi. Nilimchukia Barjas, lakini Barjas nilimjua. Aliyenichoma ni huyu aliyekaa kando yangu, ameweka mikono magotini kama bwana harusi.

Mama alikuwa mlangoni, amegeuza uso ili atutazame kwa jicho lake zima.

"Amesemaje?"

Baba akavua viatu, akavipanga taratibu.

"Wadha," akasema, "alinimiminia mwenyewe. Shekhe. Kwa mkono wake, watu wote wanaona."

"Ukanywa?"

"Kwa mkono wake, Wadha."

Nilidhani mama atapiga ukunga, au atamtupia chochote kilichokuwa karibu. Alimwuliza tu kama kahawa yenyewe ilikuwa ya moto.

Ya moto sana, baba akasema, na akaanza kumweleza jinsi iliki ilivyokolea.