Karatasi Kwenye Mfuniko

Meza yangu ya viatu iko mlangoni kwa mama anayeuza masanduku ya barafu, yale ya kubebea vinywaji na chakula cha safari, na kila akifungua moja mimi huacha kazi nikatazama. Hubana kipande cha karatasi kwenye mfuniko, kisha hukivuta taratibu kwa vidole viwili, macho ameyafumba. Kikichomoka kirahisi, hukunja uso kama aliyetukanwa. "Hili linavuja baridi. Achana nalo." Mteja aking'ang'ania kubwa kuliko yote, humwambia alinyanyue kwanza. "Hapo tupu, baba. Likijaa utalibeba na nani?" Wa matembezi ya kutwa humpa dogo, wa kulala porini humpa lenye kuta nene, na sijaona aliyembishia akashinda.

Juzi aliingia mama mmoja na bintiye mwenye kisukari. Walikuwa wanakwenda kulala porini, na dawa ya sindano ya binti haitakiwi kupata joto. "Dada, nitaaminije?" mama aliuliza. Muuzaji alivuta sanduku kuukuu chini ya meza yake, lile ambalo siku zote nilidhani ni la soda zake. Alipolifungua, barafu ya jana ilikuwa ngumu bado. Juu yake, ndani ya taulo ili isigande, ililala dawa ileile, yake mwenyewe.

Kisha akashusha sanduku jipya, akabana karatasi, akamwita binti. "Vuta, mwanangu." Binti alivuta, akavuta tena kwa nguvu. Karatasi ikachanika, mfuniko haukuiachia.