Maji ya Moto kwa Samaki wa Shemeji

Shemeji yangu Yeremia alikuwa gadi wa treni, na gadi akishaizoea kazi yake hafanyi jambo bila ishara. Hata dada yangu Selina alimchumbia kwa mtindo huohuo. Msimu mzima alikuja kwetu Kintinku, akakaa kwenye kigoda, akanywa uji, akaaga, akaenda zake, mpaka mama akachoka akamwuliza, "Wewe kijana wa Misigiri, unataka mke au unataka uji?" Hapo ndipo aliposema anataka mke. Uji aliumaliza kwanza.

Waliishi vizuri Manyoni. Yeye alikuwa kwenye reli, dada kwenye hoteli yake ya chai na maandazi karibu na stesheni, na mimi Agnes, mdogo mtu, nikikanda unga na kuwafokea wateja wanaopangusia mikono kwenye pazia.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, redio za kaseti ruksa, mabaa ya video ruksa, na kupunguzwa kazi nako kukawa ruksa. Shemeji akarudi nyumbani akiwa na kiinua mgongo chake na filimbi ambayo hakuna aliyeidai.

Dada yangu ni mwanamke mwenye huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi. Alitangaza kwamba Baba Alphonce, ndivyo alivyomwita mumewe, amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike. Akishika ndoo, dada anamnyang'anya. Akishika shoka la kuni, "Acha, Baba Alphonce, nitamtuma Agnes." Agnes ndiye mimi, na mikono ninayo miwili tu. Basi mwanamume akakaa. Alikaa kwenye benchi la nje akitazama reli, na maneno yakampungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka, hata ikawa ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata jua limeshapanda. Nilimwonea huruma, na hasira pia.

Siku moja akaenda Dodoma kufuatilia mambo yake ya kazi. Alirudi na treni ya jioni, amepakata kisanduku cha kioo chenye maji nusu, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya chungwa. Aliwapata kwa mama mmoja aliyekuwa anahama mji.

"Hawa wa kukaanga au wa kuchemsha?" nikamwuliza.

"Hawa wa kutazama, shemeji."

"Kutazama kunashibisha?"

"Mbona wewe nakutazama kila siku na bado nina njaa?"

Akacheka. Dada alikuwa ameshafungua kinywa amkaripie kwa kununua upuuzi. Aliposikia kile kicheko akakifunga. Hakuwa amecheka tangu apunguzwe kazi.

Samaki wakawekwa juu ya meza ya pembeni, na hoteli ikapata sifa. Baa ya jirani ilikuwa na video ya watu wanaopigana mateke. Wateja wetu wakasema Selina naye ana video, tena haihitaji jenereta. Shemeji aliwapa samaki majina ya stesheni. Mnene alikuwa Itigi, mwenye mkia mrefu Saranda, yule mwoga wa kujificha kwenye mawe akaitwa Kintinku, jambo ambalo mimi na dada hatukulipenda. Alibadilisha maji kwa zamu, aliwapa chakula kwa saa maalumu, na ukimwuliza swali moja juu ya samaki wake, chai yako itapoa kabla hajamaliza kujibu. Maneno yote aliyokuwa ameyaweka akiba yalitoka.

Ilipofika kipupwe, ule upepo wa Manyoni unaopenya hata kwenye matofali, Itigi akaota vidoa vyeupe. Vilikuwa vidogo kama punje za chumvi ya unga, mkiani na kwenye mapezi. Baada ya siku chache wote walikuwa navyo. Walijisugua kwenye mawe kama ng'ombe anavyojisugua kwenye mti, wakakataa chakula.

Mzee Mazengo, mfugaji ambaye kila siku ya mnada hakosi chai ya dada, aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Hao wana kupe," akasema. "Wapelekeni josho."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Kumbe alikuwa anaifikiria ile rai kwa dhati, maana na yeye amekulia nyuma ya ng'ombe. Dada akamwahi: "Baba Alphonce, dawa inayoangusha kupe wa fahali itamfanya nini mnyama wa ukubwa wa kidole?" Akaiacha rai, lakini uso ulimwanguka, na jioni ile nikamkuta amekaa kwenye lile benchi la nje.

Dada alinivuta jikoni. "Agnes, samaki wale wakifa, mume wangu hatatoka tena kwenye benchi lile. Nitakuwa mjane na mume yupo." Hakuwa akitania.

Basi tukamtafuta Simeoni, bwana samaki wa wilaya, kijana mpole aliyezunguka na baiskeli kwenye mabwawa. Alikuja, akaamkia, akavua kofia, akawatazama wagonjwa.

"Mzee Yeremia, Mzee Mazengo hakukosea sana," akasema. "Ni wadudu kweli. Ila huyu anakaa chini ya ngozi ya samaki, dawa haimfikii. Akishiba anadondoka chini, anazaa, na watoto wake wanatafuta samaki wa kuingia. Hapo ndipo anapokuwa hana pa kujificha."

"Sasa tufanyeje?"

"Mpashe maji moto, polepole, leo kidogo na kesho kidogo. Kwenye baridi mdudu huyu hana haraka. Kwenye joto anakimbilia kushiba, anakimbilia kudondoka, na joto likifika pake anashindwa kuzaa. Uchafu wa chini muutoe kila siku, ndiko anakoangukia. Na mwangalie hewa. Maji yakipata moto hewa inapungua, samaki wanatweta."

"Moto kiasi gani?"

"Vuguvugu tu, mzee. Na vidoa vikiisha msiache mara moja. Endeleeni kama wiki nyingine, maana usiowaona ndio watakaorudi."

Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na majiko ya mkaa, sufuria kubwa, na chupa tupu za soda. Tulizijaza chupa maji ya moto, tukaziziba kwa magunzi ya mahindi, tukazilaza ndani ya kisanduku kati ya Saranda na Kintinku. Ikipoa moja, inatoka, inaingia nyingine. Kazi hiyo dada aliifanya mwenyewe, nami nikamsaidia. Shemeji aliambiwa akae, asijisumbue. Lakini siku ya tatu hakuvumilia. Dada alipokwenda sokoni na mimi nikawa nimezama kwenye unga, akaenda kwa jirani yetu Belinda, nesi wa zahanati, akaazima kipimajoto.

Kipimajoto chenyewe ni kile cha kuweka kwapani, cha kupimia homa za watu. Hakianzi kuhesabu mpaka kikute joto la mwili wa mtu; maji vuguvugu hakiyajui. Shemeji akakitumbukiza ndani ya maji, akatazama. Zebaki imelala. Akaongeza chupa ya moto. Zebaki imelala. Mtu mwingine angetia kidole. Lakini shemeji yangu ni gadi, na ishara haijashuka. Akaongeza chupa nyingine, na nyingine, amekodolea macho ule mstari wa zebaki, wala hakuwatazama samaki.

Dada aliingia na kapu lake kichwani. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, vinywa nje, wanameza upepo. Alilitupa kapu, nyanya zikatawanyika chini ya meza, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Unapika mchuzi!" akapiga kelele. "Baba Alphonce, unapika mchuzi!"

"Kipimo hakijaonyesha kitu," shemeji akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Chupa zilitolewa, maji ya mtungini yakaingizwa kikombe kwa kikombe. Saranda alikuwa ameshageuka tumbo juu. Shemeji alimtoa kwa kiganja, akamshika hivyo, akasimama katikati ya hoteli bila kujua ampeleke wapi. Kisha akamlaza juu ya kisahani, akaanza kwenda mlangoni. Nilijua anakwenda wapi. Sote tulijua.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza.

"Nimewaua, Mama Alphonce. Acha nikakae."

Hapo dada yangu mpole akalipuka. Sijui hasira zilitoka wapi, labda ni zile nyanya. "Hukai! Waliobaki wanatweta, na wewe unataka kukaa? Shika birika hilo. Chota maji humo, inua juu, yamwage yarudi, kama tunavyopoza chai. Na usiache mpaka nikuambie! Agnes, achana na unga, okota nyanya."

Birika likashikwa. Shemeji alichota, akainua juu ya kichwa, maji yakashuka kama uzi mrefu, yakatoa povu. Akachota tena. Polepole samaki wakaacha kutweta, wakashuka chini mmoja mmoja. Itigi alishuka mwisho, kwa kuwa ni mnene.

Tangu siku hiyo kipimajoto kilirudi kwa Belinda, ambaye alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kipimo kikawa mkono wa dada. Kwetu Kintinku tulifundishwa kupika pombe ya mtama tungali wasichana: uji wa pombe hautiwi chachu mpaka uzamishe mkono usisikie baridi wala moto, kama vile hujagusa kitu. Dada alimfundisha mumewe. Aliushika mkono wake akauzamisha, akamwuliza, "Unasikia nini?" Shemeji akafumba macho. "Sisikii kitu." "Basi hapohapo."

Na alimtuma! Oo, alimtuma. Baba Alphonce, chupa ya kushoto imepoa. Baba Alphonce, mkaa. Baba Alphonce, hewa. Mchana kutwa mwanamume alikuwa kati ya jiko na meza, taulo begani, birika mkononi, na hoteli imejaa watu waliokuja kuona samaki wa Yeremia wakitibiwa kama wazazi waliojifungua jana.

Siku ya mnada Mzee Mazengo aliketi na mwenzake. Akamwona mtu amesimama karibu na taulo begani na birika mkononi, akasema bila kuinua kichwa, "Leta chai mbili hapa."

Mimi niliganda na andazi mkononi. Gadi mzima, mtu ambaye treni haikuondoka bila yeye, ameagizwa chai kama mhudumu! Shemeji alilitazama birika lake la maji ya samaki. Akaliweka chini. Akachukua birika la chai, akamimina vikombe viwili, akavipeleka. "Na maandazi, mzee?" akauliza.

"Manne."

Akapeleka manne. Kisha akaenda meza ya pili, maana na wao walikuwa wameinua mkono.

Nilimkuta dada nyuma ya jiko, kanga imefunika uso, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikamkumbatia. Analia kweli, lakini na kucheka humohumo.

"Nikamwambie ahsante?" nikamwuliza.

"Nyamaza wewe! Akigundua kwamba anafanya kazi ya hoteli, ataacha."

Vidoa vikapungua, vikaisha. Kintinku, yule mwoga, akawa wa kwanza kudai chakula. Tuliendelea ile wiki ya pili kama Simeoni alivyosema. Wiki ikapita. Dada akainama kwenye kioo, akakunja uso. "Baba Alphonce, mbona kama naona kimoja pale kwenye pezi la Itigi?" Shemeji akatazama. "Ni kweli," akasema, akaenda kuchukua chupa. Siku iliyofuata dada akaona kingine. Mimi nilitazama mpaka macho yakauma. Itigi alikuwa anang'aa kama sufuria jipya. Nikajiambia, dada yangu amekuwa mwongo uzeeni, na ni mwongo mzuri.

Asubuhi moja tulikuwa wawili tu hotelini. Shemeji anaziba chupa kwa gunzi, mimi nakata maandazi. Nikashindwa kunyamaza, kunyamaza sikujaliwa.

"Shemeji, hivi wewe unaviona hivyo vidoa?"

Akageuka kutazama mlango, kisha akainama kwangu. "Shemeji, mimi nilikuwa naona taa ya ishara ningali mbali. Samaki hawa wamepona tangu Jumapili ya juzi."

"Sasa hizo chupa za nini?"

Aliizamisha chupa taratibu, akauacha mkono ndani ya maji, hausikii kitu.

"Tangu nipunguzwe kazi," akasema, "hakuna mtu aliyenituma kitu. Mwache dada yako anitume."

Nje tukasikia kandambili za Selina. Shemeji akaweka taulo begani, akashika birika, akasimama akisubiri.