Nyayo za Don Joost

Hapa mjini kwetu Iquitos, mtu akikaribia kufa, roho yake hutangulia kuokota nyayo zake. Hupita kila mahali alipowahi kuishi, na wenyeji huisikia ikitembea. Don Joost, Mholanzi aliyepanga chumba changu cha nyuma mpaka ndevu zikawa nyeupe, aliyajua hayo. Alikunywa chapo, uji wetu wa ndizi mbivu, kama sisi, alilalamikia joto kuliko sisi, na bado mtaa mzima ulimwita mgringo, yaani mzungu wa kuja. Jina hilo lilimuuma.

Ini lilipomlaza kitandani, akabaki na hofu moja tu.

“Doña Nélida, umenisikia?”

“Nikusikie wapi, na umelala hapa mbele yangu?”

“Basi nimekwenda kuokota kwetu Uholanzi. Hapa nilikuwa mgeni tu.” Akageukia ukutani, akalia.

Kumbe nilikuwa nimemsikia tangu asubuhi. Ngazi za mbao zililia, kandambili moja ikiburuta kama alivyoburuta mguu wake mbovu, kisha kimya cha mtu anayevua viatu mlangoni. Nywele zilinisimama. Lakini mama yangu alinifundisha kwamba ukimkiria mgonjwa umemsikia, umempa ruhusa ya kwenda. Nilimpenda yule mzee, na sikuwa tayari.

Mchana, mvua ikipiga bati, akaingia jirani yangu Hermógenes, dereva wa bajaji, ameloa chapachapa, uso umempauka.

“Huyu mgringo wako ana wazimu? Kapanda bajaji yangu pale sokoni, kiti kimebonyea kabisa. Nageuka nimsalimie, hakuna mtu!”

“Funga bakuli lako, mwanamume wewe!”

Kwa kelele za mvua, Don Joost hakushika neno. “Anasema nini huyo?”

Nilimtazama macho yake yaliyolowa. Nikashindwa kumficha zaidi.

“Anasema umepanda bajaji yake bila kulipa, mwizi wewe. Na mimi nimekusikia tangu asubuhi. Umepanda ngazi zangu, ukavua kandambili mlangoni.”

“Mlangoni?”

“Mlangoni, kama mtu wa nyumbani.”

Akatabasamu. Mbao za sakafu zikalia kutoka mlangoni hadi kitandani, godoro likabonyea upande wa miguuni, na mkono wake ukalegea mkononi mwangu.

Kandambili zake zilikuwa chini ya kitanda tangu augue. Nilipoziinua, zilichuruzika matope. Nikazipeleka mlangoni, nikaziacha pale.