Mfuko wa Kitenge Harusini Buhinyuza

Sababu ya kutoka Nyamugari ilikuwa moja tu: marehemu kaka yangu aliacha binti, Asha, na mimi baba yake mdogo ndiye walii wake. Nisipofika Buhinyuza, hakuna ndoa. Tatizo lilikuwa tumboni. Daktari alinitoa saratani karibu na njia ya haja kubwa, kwa kunitoboa matundu madogo tu tumboni, kisha akatoa utumbo nje upande wa kulia, kinyesi kiingie kwenye mfuko uliobandikwa hapo kwa miezi michache hadi mshono wa ndani upone. Mimi fundi cherehani sikuhitaji kuelezwa mara mbili: mshono mbichi hauvutwi.

Ijumaa alfajiri mke wangu alinikuta namalizia kuushonea ule mfuko vazi la kitenge cha sare ya harusi ya upande wetu.

"We mzee, hata mavi unayavalisha sare?"

"Nayo yanaenda harusini," nilimjibu.

Karuzi tulisimama kidogo. Nilikwenda chooni kumwaga mfuko, nikaukuta karibu mtupu, maana tangu jana mchana sikuwa nimekula. Nilijiona mjanja kweli. Dereva wetu, Mkongo wa Uvira, alininyooshea mshikaki.

"Kula, vieux, mzee wangu, njia iko mrefu."

Nikamwambia nimeshiba.

Buhinyuza, baada ya swala ya Ijumaa, sinia la pilau liliwekwa kati yangu na Mzee Ramadhani, baba wa bwana harusi. Kwao wazee wa pande mbili hula pamoja kwanza, ndipo ndoa ifungwe. Mzee alinawa, akaningoja. Nikasema tena nimeshiba. Akaurudisha mkono wake mapajani, na watu wake wakaanza kunong'ona. Shemeji Zaina, mjane wa kaka, akanivuta nyuma ya pazia.

"Shemeji, kama hautaki huyu kijana, sema tu."

"Nani kasema simtaki?"

"Si unakataa kula na baba yake? Bon, sasa wanasema walii hajaridhika. Asha iko analia mule ndani."

Aibu yangu ilikuwa inamvunjia ndoa mtoto wa kaka yangu. Nilirudi, nikakaa, nikainua kanzu upande mmoja mbele ya wanaume wote.

"Mzee, sikukimbii wewe. Nilipasuliwa, na choo changu kwa sasa kinapita hapa. Nikila, mfuko unajaa. Ndiyo hofu yangu."

Mzee Ramadhani alikitazama kile kitenge, akamtazama shemeji pale penye pazia na gauni lake la sare hiyo hiyo.

"Basi huyo naye ni wa upande wa bibi harusi," akasema, akanisogezea sinia.

Walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilikula pilau mpaka nikaomba ruhusa ya kwenda uani, nikarudi nikaendelea. Kisha nikamwoza Asha kwa sauti niliyodhani nimeiacha hospitali.

Jumamosi asubuhi gari likiwa tayari linaunguruma, Mzee Ramadhani alinivuta kando. Akaniambia kaka yake ana mfuko kama wangu, ila wake ni wa maisha. Yapata mwaka hatoki ndani. Hata harusini, nyumba ya tatu kutoka kwake, hakuja.

Nilimwambia dereva azime gari, nikamfuata Mzee hadi kwa kaka yake. Sindano ninayo daima, na kipande cha kitenge kilikuwa kimebaki mkobani.

Tulipoondoka mchana, kaka yake Mzee alikuwa amesimama kando ya barabara anatupungia mkono. Mimi daktari ataurudisha utumbo wangu ndani, inshallah, lakini nimejua sasa kwamba mimi niliyewaficha watu ugonjwa ndiye niliyekuwa nikishinda na njaa.

Nyamugari tuliingia jioni.

"Mbona mmechelewa?" mke wangu akauliza.

"Nilipata mteja," nikamwambia. "Alitaka nguo ya kutokea nyumbani."