Mtulinga Haukondi

Kuna mfupa mmoja mbele ya mwili, unaoanzia chini ya koo na kwenda hadi ukingoni mwa bega. Vitabuni unaitwa mtulinga. Huku kwetu Nakuru sijawahi kusikia mtu akiutaja kwa jina hilo. Watu husema tu mfupa wa shingo na kuendelea na maisha yao. Wangu ni mrefu, wa kulia na wa kushoto. Ndiyo maana mabega yangu ni mapana, na ndiyo maana tangu nivunje ungo kila mwenye mdomo amekuwa na ushauri wa kunipa, kana kwamba nilimwomba.

Ukiwa na mitulinga mirefu utajua mambo ya nguo upende usipende. Blauzi ya kike inakubana kwapani kabla haijafika tumboni. Mshono wa mkono, ambao kwa wenzako unakaa ukingoni mwa bega, kwako unapanda kuelekea shingoni. Mikono iliyofura usiguse, utafanana na kabati. Shingo iliyochongoka kwenda chini inafaa, sketi pana inafaa, na kwa jaketi mimi huenda moja kwa moja kwa mitumba ya wanaume na sina aibu. Faida ni moja tu: mkoba haunitelezi. Anti yangu, dada ya baba, ana mabega ya chupa ya soda, na kutwa kazi yake ni kupandisha mkoba. Lakini ati ni yeye aliyejipa kazi ya kunirekebisha mimi.

Mambo yalichemka mdogo wangu alipopata mchumba. Tulizaliwa wawili tu, wasichana, na mama alitutoka mdogo wangu akiwa bado shule ya msingi. Aliniomba niwe msimamizi wake, nisimame kando yake kanisani. Nililia, mimi ambaye silii ovyo. Ni mimi niliyemsuka nywele, niliyemfulia sare, niliyempeleka bweni na sanduku lake la bati, na sasa ningesimama pale ambapo mama angekuwa karibu naye. Hicho tu ndicho nilichotaka katika harusi nzima. Keki, hema na magari yenye utepe, wangebaki navyo.

Anti akajitwalia uenyekiti wa kamati. Hakuna aliyempigia kura. Katika mkutano wa kwanza, tumekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya hoteli fulani mjini, alitangaza kwamba wasichana wote watavaa gauni la maruni lenye mabega wazi, na kwamba yote yatashonwa kwa kipimo cha binamu yetu mmoja mwembamba, kwa sababu wasichana ni wasichana. Fundi alikuwepo, akatikisa kichwa kukubali. Huyo fundi kazi yake ni kukubali. Mwambie ng'ombe anahitaji shati, atakuuliza unataka mikono ya urefu gani.

Gauni langu lilipokuja, halikupita. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakwama. Anti hakulitazama gauni, alinitazama mimi, akasema ni ule ugali wa jioni. Nilimwonyesha kwamba kiunoni nafasi imebaki, ni huku juu tu panapokataa, na huku juu hakuna nyama, ni mfupa. Akasema mfupa wa msichana haufai kuwa mkubwa hivyo. Sijui alitaka niurudishe duka gani.

Akanipeleka jimu ya mtoto wa rafiki yake, ghorofani juu ya bucha. Unakimbia papo hapo huku moshi wa nyama choma ukipanda dirishani, na wewe tangu asubuhi umekunywa maji ya ndimu tu. Kocha alikuwa kijana mwenye kifua kilichojaa na miguu ya kuku. "Niaje mathe," alinisalimia kama mama yake mzazi, mimi ambaye sina hata mvi moja. Akanifinya bega kwa vidole viwili akitafuta mafuta, akayakosa, akasema yamejificha ndani. Alinikataza kuinua chuma chochote juu ya kichwa, eti nitazidi kupanuka. Alinikataza pia kuogelea, na mimi sijui kuogelea. Kazi yangu ikawa kukimbia.

Na nilitii! Hadi leo nikikumbuka najidharau. Nilitaka sana kusimama pale kanisani, na mtu anayetaka kitu hivyo anaweza kuambiwa chochote. Nilikonda kweli. Mashavu yaliingia ndani, kiuno kikaisha, makalio yakaaga. Mabega yalibaki palepale, na kwa kuwa sasa hapakuwa na kitu chini cha kuyasindikiza, yakaonekana mapana kuliko mwanzo. Hilo hata mtoto angelijua. Kocha alinitazama kwenye kioo, akakuna kidevu, akasema tuongeze bidii.

Fundi naye akaleta dawa yake. Alishonea gauni langu mikono ya kufura ili, kwa maneno yake, ivute macho mbali na mabega. Nilivaa, nikatoka mbele ya kamati. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Wiki ya harusi yenyewe anti akapiga simu. Alisema kamati imekaa na kuona binamu mwembamba achukue nafasi yangu, nami niwe langoni kupokea wageni, kwa sababu nina sauti nzuri. Tena nivae shali. Nilimkatia simu. Nikafunga kazi mapema nikaenda hadi Gilgil, anakofanya kazi mdogo wangu, na njia nzima nilikuwa napanga jinsi atakavyompigia anti mbele yangu na kumweka mahali pake.

Nilimkuta chumbani kwake akijaribu gauni la harusi. Lilikuwa la lesi, mikono mirefu hadi kwenye vidole, kola hadi kidevuni, na jua lote hili. Alikuwa ameniambia ni kwa heshima ya kanisa. Akanigeuzia mgongo nimfunge vifungo. Vya kiunoni vilifunga bila shida. Vya juu havikufikiana. Nikavuta, akatoa pumzi, nikavuta tena. Nilipoinua macho kwenye kioo niliyaona mabega yangu mwenyewe juu ya mwili wa mdogo wangu. Tangu awe mtu mzima nimemwona katika shali, sweta na makoti, nami nikadhani huyu mtoto ni wa kusikia baridi.

Nilimwambia kuhusu simu ya anti. Nikamwambia ampigie sasa hivi, nikiwa hapo. Hakugeuka.

"Si anti," alisema. "Ni mimi nilimwomba. Nilipokuomba usimame sikuwa nimefikiria macho ya watu. Ukisimama kando yangu watatuangalia wote wawili. Nikiwa peke yangu naweza kuficha."

Niliumia, sitapamba. Nilitamani kumpiga kofi, nikatamani pia kutoka na kuufunga mlango nyuma yangu, niende zangu. Miezi yote hiyo namlaani anti, kumbe mkono uliokuwa unanisukuma ni huu niliokuwa nikiuosha kwa beseni. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia ana kitu cha kuficha. Akakaa kitandani na gauni lake lililo wazi mgongoni, akaanza kuniambia habari ya mochari.

Siku tuliyokwenda kumchukua mama, sanduku alikuwa amelinunua anti, na alilinunua kwa kukadiria kwa macho. Mama alikuwa na mabega haya haya. Kule Mau Narok alikokuwa akiuza viazi, watu walisema ameyapata kwa kubeba magunia. Uongo mtupu. Mama hakuwahi kubeba gunia hata siku moja, alikuwa na watu wa kupakia, na alivaa gauni lisilo na mikono hadi kanisani, anayetaka kutazama atazame. Sasa sanduku lilimkataa. Wale wahudumu walijaribu kumlaza hivi, wakajaribu vile. Na anti, tumesimama pale, akasema, "Hata akifa mabega yake yanatusumbua. Mkunjeni kidogo tu."

Mdogo wangu aliyasikia hayo akakimbilia nje. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo hajawahi kuvaa nguo ya kuonyesha mabega. Anaogopa kwamba siku moja na yeye atashindwa kuenea mahali fulani mbele ya watu, na mtu aseme akunjwe.

"Na baba?" nikamuuliza. "Ulisikia alichosema baba?"

Hakusikia. Alikuwa nje, ameegemea ukuta, analia. Kumbe miaka yote hiyo ameishi na nusu ya maneno, nami sikumwambia ile nusu nyingine kwa sababu nilidhani anayo. Baba yetu si mtu wa maneno. Anaweza kupanda viazi, kuvipalilia na kuvichimba bila kuongea zaidi ya salamu. Siku hiyo aliweka mkono juu ya kifuniko, hata hakumtazama dada yake, akawaambia wale wahudumu, "Rudisheni hili sanduku. Mke wangu hakunjwi." Tukangoja humo ndani hadi jingine likaletwa, pana, na mama akalala ndani yake vile alivyokuwa akilala nyumbani.

Mdogo wangu alilia, lakini si kwa muda mrefu. Simu yangu ilianza kuita, alikuwa anti, nikaiacha iite hadi ikachoka. Nikamwinua mdogo wangu kutoka kitandani, nikamgeuza, nikaanza kufungua vile vifungo vya kiunoni nilivyokuwa nimevifunga.

"Vua," nikamwambia. "Hili gauni linarudi."

Jumamosi alivaa gauni la kukodi tulilolipata mjini katika ile haraka, jeupe, la kamba nyembamba, mabega yote nje. Mimi nilichukua makasi nikaiondoa ile mikono ya fundi, nikafungua mshono wa nyuma, nikapachika kitambaa mpaka likanitosha. Tulisimama mbele ya kanisa bega kwa bega tukaijaza nafasi yote, na baba, kwenye kiti cha mbele, hakutuondolea macho hadi baraka ya mwisho. Anti hakuwepo ndani. Alikuwa langoni anapokea wageni, huku akipandisha mkoba wake. Kamati, safari hii mimi na mdogo wangu, iliona ana sauti nzuri.