Vigae vya Matombo Kwenye Mchanga Mweupe

Eufrazia alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo ndio uliomponza kule Japani. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1996, kwenye kisiwa kidogo ambacho wenyewe wamekijaza kazi za sanaa kila kona. Hata ufukweni wamesimamisha madude ya chuma ambayo yeye hakuona yana kazi gani. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kupanga kuni kuzunguka chungu chake, na Noriko, mwenyeji wake, alikuwa akimsihi asiwashe.

“Mama, redio imesema mvua inakuja mchana.”

“Redio imeyaona majani?” Eufrazia akamwonyesha miti ya uani. Majani yalikuwa mekundu, yanaanguka yenyewe. “Mti ukipukutisha, ardhi imekauka. Mvua itoke wapi?”

Kwao Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, ndivyo ilivyo. Miti hupukutisha kiangazi, na mfinyanzi akiona majani yamelala chini hukoka moto bila wasiwasi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zipo nchi ambako miti huvua majani kwa ajili ya baridi, mvua nayo ikaendelea kunyesha. Noriko angeweza kumweleza, maana alifundisha hesabu Morogoro miaka miwili na Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini alikuwa binti wa adabu, hakuzoea kubishana na mtu mzima. Eufrazia akawasha.

Na hakikuwa chungu cha mchezo. Udongo wake ulitoka kwenye shimo la ukoo, linalorithiwa kwa upande wa mama, wanawake watupu. Udongo huo hauuzwi, na chungu kikivunjika, hata kama kimevunjikia ukweni huko Dumila, vigae hukusanywa vikarudishwa shimoni. Noriko aliviona vyungu vya Eufrazia soko la Mwembesongo, siku zile ambazo ndoo za plastiki zilikuwa zimemwagwa madukani na hakuna aliyeuliza tena bei ya chungu. Akamtafutia mwaliko wa kwenda kufinyanga kule kisiwani. Eufrazia akasema hafinyangi udongo wa watu asiowajua, akaenda kumwomba mama yake mkubwa, Magdalena, mwangalizi wa shimo.

“Chukua,” Magdalena alisema. “Lakini udongo huu usiporudi, wewe na Janeth mwanao hamtachimba tena hapa.”

Mvua ilishuka saa nane, moto ukiwa umepamba. Eufrazia alikimbilia bati, Noriko akaburuta turubai, wapi! Chungu kikapasuka kwa mlio. Alichuchumaa pale pale, amelowa, akijilaumu kwa sauti, na safari hii hakukuwa na wa kubishana naye.

Akajiliwaza kwamba vigae navyo ni udongo, vitarudi. Lakini kesho yake alipokwenda kuvikusanya hakuvikuta. Mkuu wa jumba la maonyesho, mzee mpole aitwaye Okabe, alikuwa amevitandaza kwenye mchanga mweupe katikati ya ukumbi, taa moja ikiviangaza. Alimwinamia Eufrazia mara tatu.

“Anasema ni vizuri kuliko chungu kizima,” Noriko alitafsiri. “Anaomba vikae hapa daima.”

“Mwambie hapana.”

Noriko akasema. Maneno yalikuwa marefu mno kwa hapana moja, tena ya kuinama kila baada ya maneno mawili. Okabe akatabasamu, akaenda zake ameridhika.

“Umemwambia nini?”

“Nimesema utafikiria. Mama, kwetu mkubwa haambiwi hapana.”

“Basi umeniua,” alisema Eufrazia.

Jumamosi maonyesho yalifunguliwa, na boti ya Eufrazia ilikuwa inaondoka saa sita. Watu walijaa ukumbini, wakauzunguka mchanga kimya kama waliokuja msibani. Mlinzi alisimama mlangoni. Umri wote ule Eufrazia hajawahi kuiba hata muhogo, leo anakwenda kuwa mwizi wa mali yake mwenyewe. Akavua kandambili, akakanyaga mchanga, akatandika kanga, akaanza kuokota.

Mlinzi akapaza sauti. Hakugeuka. Kigae kikamponyoka, akakiokota tena. Alichambua mchanga kwa vidole kutafuta vile vidogo, akisubiri kushikwa bega. Badala yake akasikia mtu anapiga makofi. Wa pili akapokea, kisha ukumbi mzima.

“Wana nini hawa?”

“Wanadhani ndiyo sanaa yenyewe, mama.”

“Waache wadhani hivyo hivyo.”

Okabe peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, uso umemwiva, tabasamu limekwisha. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye furushi. Eufrazia akalikumbatia. Alijua akinyang’anywa hapo hana wa kumlilia, na kesho kutwa atamkabili Magdalena mikono mitupu. Ndipo Noriko akapita mbele yake, akamtazama mkuu usoni, akatamka neno moja fupi bila kuinama.

Makofi yakakatika. Okabe alimwangalia yule binti, akaliangalia furushi, akaiangalia miguu ya Eufrazia iliyojaa mchanga. Akapisha.

Noriko alimsindikiza, akilia safari nzima ya boti. Eufrazia alimshika mkono.

Wanawake wa Matombo hucheka mpaka machozi Eufrazia anaposimulia akafika hapo pa makofi. Mwenyewe hacheki. Husema hajawahi kuogopa namna ile, hata siku alipomzaa Janeth peke yake shambani. Halafu huchukua jembe, huteremka shimoni, na Janeth huteremka nyuma yake.